Shamba Ndani ya Mtumbwi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mlinzi wa mbuga aliponipokonya jembe mbele ya wanafunzi wangu kule Hamukungu. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa mchanga vilevile: kijana wa Bwera, nasomea ualimu, nimetumwa kijiji hicho cha wavuvi, kilichomo ndani ya mbuga ya wanyama, kufanya mazoezi ya kufundisha. Somo nililopangiwa ni kilimo. Mkaguzi angekuja kutoka Kasese kabla ya muhula kwisha, na asiporidhika, cheti nisahau.

"Mwalimu, acha! Hapa hakuna kulima," mlinzi alisema. "Hii ni nyumba ya tembo."

Nilikasirika, we! Nifundishe kilimo mahali ambapo kulima ni kosa? Nikafunga sanduku langu, nikamwendea mwalimu mkuu, mzee mpole mwenye ulimi wa pilipili, nikamwomba anihamishie Muhokya, nje ya mbuga, kwenye ardhi tele.

"Kijana, sheria imekataza kulima. Imekataza kufundisha?" aliniuliza. "Ukienda Muhokya, hawa watoto itajua nini? Kwamba masomo iko ya watu wa mbali?"

Lisilo budi hutendwa; nikalifungua sanduku.

Nilizunguka ufukweni nikatafuta pa kupanda pasipo ardhi, nikauona mtumbwi mkuukuu uliopasuka. Mwenyewe alinipa huku akicheka. Lori la kuchukua samaki likatuletea udongo kutoka Muhokya. Mlinzi aliuzunguka mtumbwi ule, hakuona ardhi iliyolimwa, akaenda zake.

Nafasi ilitosha mche mmoja tu wa maharage kwa kila mtoto. Nilidhani huo ni umaskini. Kumbe mtoto mwenye mche mmoja hulala akiuwaza! Waliipima miche yao kwa vipande vya mafunjo, wakabishana kwa nini wa huyu umekuwa manjano na wa yule unarefuka. Mimi niliyezoea kusema mchana kutwa nikajikuta nasikiliza.

Mkaguzi alipofika aliutazama mtumbwi, akanitazama mimi.

"Shamba liko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, Masika, binti wa mchuuzi wa samaki kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akasimama.

"Yangu ilikufaka, Bwana. Niliitiaka mbolea ya matumbo ya samaki mingi, ikaungua. Nikaambia mwenzangu apunguze. Angalia, yake iko na maua."

Mkaguzi akachuchumaa kando yake, akamuuliza hili na lile mpaka kengele ikalia. Alipoinuka akaniambia, "Kwenye shule zenye mashamba makubwa niliuliza watoto wamejifunza nini. Wakanionyesha malengelenge ya viganjani." Cheti nikapata, mwanangu, na sioni haya kusema nilikistahili.

Basi wewe unayeandaa masomo leo, na kunung'unika kwamba vitabu ni haba na darasa limejaa, usianze na yale unayoyatamani. Mtaka yote hukosa yote. Anza na lile ulilokatazwa, uligeuzegeuze, ujiulize mwanafunzi atafanya nini kwa mikono yake ndani ya nafasi hiyo. Na ukipewa kila kitu, jiwekee mpaka mwenyewe: jambo moja, kila mtoto alishike. Kisha umwache akosee, kwani kupotea njia ndiko kujua njia.

Mungu akubariki, akunyime kidogo, na akujalie wanafunzi watakaokuzidi.