Bi Uani na Posa ya Fundi

Dada yangu mkubwa ni dobi. Shati akilinyoosha yeye, hata mlevi akilivaa anaonekana ana adabu. Tangu afiwe na mumewe amekataa wachumba mpaka nimechoka kuwachemshia chai.

Juzi akaja fundi seremala, mjane pia, aliyesoma naye darasa moja.

"Hujambo, shemeji," akanisalimia.

"Ushemeji wa wapi? Ngoja kwanza ujibiwe."

Lakini moyoni nilishamkubali. Na dada alimpenda, tusidanganyane. Alipomsikia tu mlangoni alifungua kilemba na kukifunga upya. Kilichomkaa kooni ni shairi.

Shuleni walisomeshwa shairi la kale la mapenzi, lililofasiriwa kutoka ng'ambo. Msafiri analia: "Ewe ua, huku ugenini nakuota." Mwalimu akauliza, msafiri anaota nini? Dada, binti wa watu, akasimama akajibu kwamba anaota uani kwao, nyuma ya nyumba, mama na shangazi wanakofua huku wakicheka. Kumbe ni ua la kunusa! Darasa likavunjika mbavu, na fundi huyuhuyu ndiye aliyembandika jina la Bi Uani. Likamganda. Tangu hapo mashairi akayapa kisogo.

Sasa fundi akavaa miwani, akatoa kitabu kile kile cha shule, kimechakaa, akaanza kusoma. Dada akaendelea kupiga pasi kama hasikii. Nilitamani kumfinya. Fundi alipofika kwenye ule mstari, akavua miwani.

"Nimefanya kazi mbali na kwetu miaka mingi," akasema. "Sikuota ua la kunusa hata siku moja. Nilikuwa naota ua wa kwetu, ndoo, povu la sabuni, na mama akinigombeza. Nilipolisoma tena shairi hili ndipo nikajua wewe ulilielewa, na mimi nikakucheka. Nisamehe. Na kama utakubali, nataka nikuoe."

Jamani, nililia waziwazi, kwa furaha, kabla hata ya mwenyewe kujibu. Dada akaiweka pasi kando. Akamtazama fundi mpaka maskini akaanza kuchezea vifungo vya shati.

Kisha akaanua shuka kubwa kwenye kamba, akamrushia ncha zake mbili.

"Shika huko, uvute vizuri," akamwambia. "Tangu mwenzangu afariki nakunja mashuka peke yangu, na nimechoka."