Soma Tulipoishia

Kahawa iliyotoka kumenywa ina harufu ya uchachu inayoingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Msimu wa mavuno, kwetu Mbozi, nyumba nzima ilinuka hivyo: nguo, mablanketi, hata nywele za mama. Baba alizungusha mashine uani, sisi tukamwaga maji, na ute wa kahawa ukatuganda mikononi. Ndiyo maana kabla ya sala ya jioni ilikuwa lazima kunawa kwa majivu. Biblia yetu haikushikwa kwa mkono wenye ute, hata ukiwa mkono wa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa baba yangu.

Kulikuwa na sheria nyingine aliyotuachia babu: Neno linasomwa kwa mfuatano. Tunapoishia leo tunaweka jani la kahawa, kesho tunaanzia hapo hapo, pawe patamu au pachungu. Hata kurasa za majina ya koo tulizisoma, watu wakisinzia. Kuchagua, alisema babu, ni kumpangia Mungu la kusema. Msomaji alikuwa mtoto, wakubwa wakasikiliza. Nilikuwa darasa la tano, msomaji ni mimi, na nilijisikia kweli kweli.

Msimu ule mdogo wangu Lusekelo, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, akashikwa na homa. Mwanzoni tulisema ni meno. Halafu akaacha kunyonya, kifua kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi, na kilio chake kikawa chembamba, cha kusikilizia. Hospitali ilikuwa Vwawa. Baba akakataa. Jumapili alikuwa amesimama mbele ya kanisa akatamka kwamba mtoto ameshapona, haendi popote. Msidhani alikuwa katili. Kabla ya Lusekelo kulikuwa na mwingine, na yule walimpeleka Vwawa, wakarudi naye amefunikwa khanga. Tangu hapo baba akipita kwenye geti la hospitali aligeuza uso. Sasa hofu yake akaiita imani, na hakuna aliyethubutu kumwambia, isipokuwa jirani yetu Baba Enea, mwenye pikipiki.

"Mzee, mtoto anakwisha huyu," alisema.

"Toka na mashaka yako!" Baba alimfukuza uani kama kuku.

Kisha akaniondoa kwenye usomaji. Jani aliliacha pale pale, yeye akawa anafunua kurasa za uponyaji tu, anazisoma kwa kupaza sauti kana kwamba Mungu ni kiziwi. Mama aliitikia amina, lakini kila jioni amina yake ilizidi kufifia. Mimi nilikaa nikihesabu pumzi za Lusekelo, na kila ilipochelewa moja, nilianza kuhesabu upya.

Jioni moja, jua halijazama bado, upepo wa kipupwe ukigonga bati, baba alianza kusoma sauti ikamkatika. Akajaribu tena. Wapi! Midomo inacheza, maneno hayatoki. Mama, amempakata mtoto, hakumtazama hata kidogo. Alisema taratibu, akimwita kwa jina langu, "Baba Sikitu, mpe mtoto kitabu. Asome tulipoishia."

Nilidhani baba atalipuka. Akanisukumia Biblia.

Nikafungua penye jani, limeshakauka. Ilikuwa habari ya jemadari mkubwa mwenye ukoma, aliyeambiwa na mtumishi wa Mungu akaoge mtoni, basi. Jemadari akakasirika. Alitaka nabii atoke, asimame mbele yake, apunge mkono, watu waone. Mtu kama yeye akajichovye kwenye kimto kama mtu yeyote? Nilisoma huku naogopa kuinua macho, maana hata mimi mtoto niliona habari hii inaelekea wapi. Nilipofika pale watumishi wake wanapombembeleza, nikasikia baba anahema. Nikasita.

"Soma," akasema.

Nikasoma mpaka jemadari akateremka mtoni.

"Akateremka," baba alirudia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye sakafu ya udongo. "Bwana, naogopa. Naogopa lile geti. Nilikuwa nakupangia. Nisaidie niende." Haikuwa sala ya mzee wa kanisa, ilikuwa sala ya mtu aliyeishiwa. Akainuka, akatoka peku, na tukamsikia akiita tangu njiani: "Baba Enea! Ndugu yangu, nisamehe, washa pikipiki!"

Mama alikaa katikati na mtoto kwenye kitenge, baba nyuma, vumbi likawameza. Nikabaki na kitabu mapajani, sijui kama watarudi na mtoto au na khanga. Jamani, kungoja kule sitaki hata kukukumbuka. Waliporudi, tuliwasikia kabla hatujawaona: Lusekelo analia, analia kwa hasira, kwa mapafu yote! Daktari alisema ilikuwa nimonia, na kwamba wangechelewa kidogo tu. Mama hajawahi kuimalizia sentensi hiyo.

Leo naishi Chapwa, hapa Tunduma, kwenye honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kila asubuhi simu inaniletea mstari mmoja uliopambwa maua, mtamu, umeshachaguliwa. Tunatumiana kwenye makundi, tunaandika amina, tunafungua maduka. Sisemi ni dhambi, na mimi natuma. Ila yule jemadari akikasirika sijamwona akipambwa maua hata siku moja.

Baba bado yupo Mbozi. Macho yameisha, wajukuu ndio wanaomsomea, na wakiruka ukurasa mgumu anawashika hapo hapo: "Rudi. Soma tulipoishia." Lusekelo siku hizi ni dereva wa lori, ana ndevu na sauti nzito. Tukienda nyumbani, kabla ya sala baba ananyoosha mkono hewani akimtafuta. Jitu zima lile linapiga magoti, linainamisha kichwa, na baba anampapasa paji la uso, polepole, mpaka aridhike.

"Hana homa," anasema. "Haya, someni."