Mtandio Haujakauka

Wifi yangu, Mama Kibonge, ni dobi. Amefulia watu tangu enzi mimi nina kiuno, na sabuni imemla vidole mpaka alama zake zimefutika. Mpakani walipombandikisha kidole kwenye mashine, mashine ikajibu hakuna mtu. Afisa akamtazama yeye, akaitazama mashine, akaiamini mashine. "Pita, mama," akasema, "maana hupo."

Hivyo ndivyo alivyoingia nchi ya watu, akiwa hayupo, na jinsi basi la safari lilivyomtikisa, alikuwa karibu kukubali kwamba hayupo. Alichoka uchovu ule wa kusahau kama umekaa au umesimama.

Alikuwa anamfuata mwanawe wa pekee. Tulimwita Kibonge kwa sababu alizaliwa mashavu yakitangulia pua. Aliondoka nyumbani kijana, akapotelea huko miaka na miaka, mwisho akampigia simu mama yake: "Njoo nikuone. Jitande mtandio wako wa njano nikujue. Ukishuka stendi, simama chini ya saa kubwa. Usiondoke hapo." Anwani nyingine wifi hakuwa nayo, na simu yake ilizima njiani.

Sasa shuka uone. Stendi ile ina saa kubwa kila mlango, na hakuna inayoelewana na mwenzake. Moja ilikuwa inarudi nyuma, na wifi anaapa kwamba alipoikazia macho, pengo lake la jino lilianza kuwasha. Pikipiki zinapita katikati ya watu. Wapiga debe wanamvuta, huyu huku, yule kule, kwa lugha inayosikika kama mtu anasukutua mdomo. Mmoja akampakilia begi kwenye basi, wifi akalishusha. Mwingine akalipakia basi la pili. Siku ile begi lilisafiri kuliko mwenyewe.

Akawa anasimama chini ya saa hii, roho inamwambia labda ni ile. Anahamia ile. Kila akiona mwanamume mnene anamkimbilia. Alimshika mkono bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, akamwita "mwanangu". Mke wa bwana akamkata jicho la kuchemsha maji.

Jua likalegea, na yeye akalegea nalo. "Nikimkosa hapa," akawaza, "nimempoteza mara ya pili." Miguu ikagoma. Akajibwaga karibu na bomba la maji, na hapo akaisikia harufu: kwenye basi mtoto wa jirani yake alikuwa ameutapikia ule mtandio wa njano, naye wifi akauvua na kuuviringisha ndani ya begi.

"Mwanangu asinikute nanuka," akasema, akaufua. Mikono ilijua kazi bila kumwuliza. Akaukamua, akautundika kwenye uzio wa chuma, akafungia kokoto mbili kwenye pembe za chini ili upepo usiuchukue. Ndivyo anavyoanika tangu zamani. Sisi majirani tunamcheka kwamba kwake hata gauni linaanikwa dume.

Akaja mama mmoja mfagiaji, akafoka kwa lugha yake, akiunyooshea mtandio ufagio.

"Pole na kazi na wewe, dada," wifi akamjibu.

Akafoka tena.

"Ninaye mmoja tu, dada, na sijui yuko wapi."

Mfagiaji akamtazama usoni, akaegemeza ufagio, akakaa naye.

Usingizi ulishamchota wifi aliposikia sauti juu yake: "Nani mwingine duniani anafunga kokoto kwenye nguo?"

Alikuwa mwanamume mwembamba, shati linamning'inia. Wifi alishampita mara kadhaa mchana ule. Akamjua kwa kovu la kwenye paji: utotoni, siku ya upepo, kokoto ya shuka ilimpata hapo.

"Kibonge! Mashavu umeyaacha wapi?"

"Kazi imeyala, mama. Na mimi natafuta mtandio wa njano tangu asubuhi! Si nilikwambia usiondoke chini ya saa?"

"Saa ipi? Hapa kwenu saa nyingi kuliko wakati."

"Nilipofika mimi ilikuwa moja."

Akacheka, kicheko kikamwishia njiani, akakaa chini kama mzee. Wifi akamwekea mkono mgongoni, mkono ukakutana na mifupa. Akaona kwamba aliyechoka zaidi pale si yeye.

"Kwako mbali?"

"Magari mawili, halafu ngazi."

Upepo ulikuwa umeshaukausha mtandio, unapepea na kokoto zake. Wifi akaugusa, akatikisa kichwa.

"Bado mbichi huu," akasema. "Tukae kidogo."