Babu Yangu Yumo Kabatini kwa Mzungu, Amevalishwa Kofia

(Aliyetuma barua hii tunamjua. Jina lake na kijiji chake tumevificha kama alivyotuomba.)

Nawasalimu wasomaji wote wa ukurasa huu, na wale mnaosomewa pia. Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Muleba, na kazi yangu iko hapa Bukoba, nyumbani kwa mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa. Nimesoma mpaka darasa la nne. Aliyechoka ni mwalimu, si mimi. Lakini kwa jambo moja hakuna wa kunishinda kutoka ziwani hadi mto Kagera: kuokota vitu vya vile vita vya Wajerumani na Waingereza. Maganda ya risasi, vifungo vyenye tai, singe zenye kutu, vyote mimi navinusa kama mbwa.

Huyu mzungu vijana tunamwita Bwana Kiko, maana kiko hakimtoki mdomoni. Sebuleni ana kabati la vioo ambamo hupanga vitu ninavyomletea. Jumapili wenzake wakija kunywa chai, naitwa na kanzu yangu nyeupe nieleze. Nikieleza mimi, hakuna ganda la risasi ambalo halikuua watu wanne.

Mwaka jana akaniambia, "Vyuma vimetosha sasa. Niletee kichwa, nikupe buti zangu."

Buti, jamani! Kesho yake nilikuwa kilimani nyuma ya mji nikichimba. Nikamkuta mtu amelala kifudifudi. Hana bunduki, hana hata kifungo cha askari. Kando yake sanduku la risasi la mbao, limeoza. Nikajua huyu ni mpagazi tu, mtu wa kubebeshwa mizigo. Kwenye mfupa wa mguu alikuwa na kikuku cha waya wa shaba. Nilipokivuta, mfupa ukakatika kama kijiti. Nikachukua kikuku, nikachukua fuvu, iliyobaki nikaisukuma kwa teke na kuifukia nusunusu. Nilikuwa na haraka ya buti.

Mpagazi hapendezi kabatini, basi nikawaambia wageni huyu alikuwa sajini, mkali kuliko simba. Bwana Kiko akamvika kofia ya Kijerumani. Wazo la kiko lilikuwa langu mimi. Nilichukua kiko kibovu cha bwana nikakibana kwenye meno yake, nikasema, "Sajini anavuta kidogo, kachoka na vita." Mama mmoja wa kizungu alicheka mpaka chai ikampalia. Na mimi nilijiona mtu.

Sasa sikilizeni. Huko kwetu Muleba, mtu akifa huzikwa kwenye kibanja chake, ndani ya migomba yake. Babu yangu, baba yake tata, yaani baba yangu mzazi, alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, hakurudi. Walipochoka kungoja, ukoo ukazika gogo la mgomba mahali pake, likaliliwa kama mtu. Utotoni nilikuwa nawachekesha wenzangu: "Ninyi babu zenu walikuwa watu. Wangu ni ndizi." Nilichapwa kwa neno hilo, nikalirudia.

Krismasi nikaenda nyumbani na buti zangu, nikatandaza vitu vyangu juu ya nyasi za sakafuni watu waje washangae. Bibi yangu macho hayaoni vizuri, akawa anavipapasa kimoja kimoja huku namtania, "Taratibu, bibi, hiyo italipuka!" Akafika kwenye kikuku. Vidole vikasimama pale waya ulipofungwa. Akavua cha mkononi mwake, akaviweka pamoja. Vimesukwa namna moja, na fundo lile lile limelala upande wa kushoto.

"Mwojo wange, kijana wangu," akasema, "hiki nimekisuka mimi. Umekitoa wapi?"

"Nimeokota kilimani, bibi."

"Na mwenyewe?"

Nikasema, "Sikumwona."

Hilo ndilo jibu nililompa. Na mwenyewe wakati huo yuko kabatini, kofia upande, kiko mdomoni.

Bibi hakulia. Alimwita tata akamwambia, "Mume wangu wa mgomba mtoeni. Wa kweli amepatikana." Ukoo ukakaa, wakakubaliana: mvua zikikatika, wazee watakuja Bukoba niwaonyeshe mahali, wamchukue azikwe kwake. Bibi ameshachagua ndizi za kukamulia pombe ya siku hiyo.

Niliporudi nikamwendea Bwana Kiko. "Bwana, naomba kile kichwa. Ni babu yangu."

Akacheka. "Si ulisema sajini? Ninyi Wahaya wote babu zenu walikufa vitani. Buti umevaa, biashara imekwisha. Mpanguse vumbi, kesho wageni."

Nikampangusa. Kwa kitambaa kile kile cha vikombe. Ndani ya tundu la jicho kulikuwa na majivu ya sigara, wageni wamelifanya kisahani. Nikayatoa kwa kidole. Tangu siku hiyo kidole hicho nakinawa kwa sabuni na mchanga, na bado chakula nakila kwa mkono mwingine. Buti nimezitupa chooni. Bwana Kiko namchukia, kweli, lakini yeye hakumjua yule mtu ni nani wala hakumpiga teke. Kiko hakukibana yeye.

Mvua zinakaribia kukatika. Wazee watachimba, watakuta mifupa iliyovunjwa, na juu ya shingo hakuna kitu. Bibi ataleta mikono yake apapase, kama alivyopapasa kikuku, na hakuna atakachokikuta.

Ninyi mnaonisoma, wenye akili kunizidi, na leo nakiri mko wengi, niambieni. Nivunje kabati nimwibe babu, nikafungwe? Au nimketishe bibi nimweleze mumewe yuko wapi, na nani alimwekea kiko mdomoni ili watu wacheke?