Flashi Nyuma ya Goli la Giza

Taa iliwaka mara moja tu. Pwaa! Nyuma ya goli, dakika ya themanini na tisa.

Watu elfu tisa wakageuka kunitazama mimi.

Na mimi, naapa kwa mama aliyenizaa, sijawahi kumiliki flashi.

Ngoja nianze vizuri, maana habari hii imesimuliwa na watu wengi ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja amenichafua kwa namna yake.

Mimi ni mpiga picha wa michezo. Mwanamke, mama wa mtoto mmoja, kilemba kichwani, kamera kuukuu shingoni. Pale uwanjani wananiita Mama Giza.

Jina lenyewe nilipewa kwa kejeli.

Uwanja wetu una minara minne ya taa. Mmoja ulikufa zamani, hakuna anayekumbuka lini. Wa pili una taa sita, zinazowaka ni mbili, na hizo mbili zinakonyeza. Minara hiyo mibovu yote iko upande mmoja. Kwa hiyo usiku kuna goli la mwanga na goli la giza. Goli la giza ukivua kiatu, kukipata ni majaliwa.

Wapiga picha wakubwa wote hukaa goli la mwanga.

Siku yangu ya kwanza, miaka minne iliyopita, niliambiwa na kiongozi wa wapiga picha, mzee mmoja tunayemwita Mkongwe, "Wewe mgeni, nenda kule."

Kule ndiko gizani.

Mwaka mzima nilipiga ukungu. Mhariri wangu akitazama picha ananiuliza, "Hivi huyu ni mchezaji au pazia?"

Lakini mimi si mtu wa kukimbia. Nikasema kama wamenitupa huku, basi huku nitapajua kuliko wao.

Nikajifunza. Lenzi naifungua mpaka mwisho. Kamera naiacha imeze mwanga wote uliopo, picha ikitoka na chengachenga, potelea mbali. Na kikubwa kuliko vyote, simfukuzi mchezaji anayekimbia. Namsubiri. Mtu akiruka kupiga kichwa, kuna nukta moja kule juu anatulia, hapandi wala hashuki. Hapo ndipo nabonyeza.

Taratibu picha zikaanza kutoka. Picha za goli la giza, bila flashi.

Flashi kwanza ni marufuku. Sheria ya uwanja inasema usiku, nyuma ya goli, hakuna flashi, kwa sababu mpigaji anayelitazama goli inamwingia machoni. Kila mpiga picha ameitia saini. Na aliyeiandika ni Mkongwe mwenyewe.

Haya. Usiku wa fainali tuko nyuma bao moja. Dakika zinayoyoma. Mara filimbi: penati! Yetu!

Goli la giza.

Basi kule upande wa pili nikawaona wenzangu wanahangaika na mizigo yao. Wengi walikata tamaa, ni mbali. Mkongwe peke yake ndiye aliyezunguka mbio, umri ule, kitambi kile. Akafika anahema, akasimama nyuma yangu.

"Sogeza kichwa, Mama Giza. Unaniziba."

"Sisogei. Nafasi yangu hii uliyonipa mwenyewe."

Nahodha wetu akaweka mpira. Uwanja ukanyamaza. Akaja mbio, nikabonyeza mfululizo, ta-ta-ta-ta.

Pwaa!

Mpira ukapaa juu ya mwamba, ukapotelea jukwaani.

Sijui nikueleze vipi kelele zile. Chupa zikaanza kuruka. Nahodha kakaa chini, kajifunika uso. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya Mkongwe, kubwa kuliko zote:

"Ni huyu! Nimemwona kwa macho yangu! Kapiga flashi!"

Loo! Nikageuka, nikamtazama machoni. Hakuyakwepesha.

Walinzi wakanizunguka, wakanikokota kwenye njia ya wachezaji. Beji wakaninyang'anya shingoni. Kamera nusura waichukue, nikaing'ang'ania kwa meno na kucha. Kadi ya picha nilishaichomoa, nikaichomeka ndani ya kilemba.

Asubuhi mji mzima unanijua. Nahodha alikuwa amewaambia waandishi, "Niliona mwanga, nikawa kipofu, ndiyo nikapiga." Nani atabishana na nahodha?

Mhariri akanipigia simu. Sauti baridi.

"Keshokutwa kamati ya klabu inakuita. Wakikufungia, na mimi sina cha kufanya na wewe. Mpiga picha wa michezo asiyeingia uwanjani wa nini?"

Miaka minne ya jasho langu, imebaki mikononi mwa watu watano wa kamati.

Mama yangu alinikuta nimekaa jikoni, mikono inatetemeka.

"Mwanangu, kama hukufanya, unatetemeka nini?"

"Hasira, mama."

"Basi oga, ule. Hasira ya mwenye njaa haifiki mbali."

Nikaoga. Nikala. Nikachomeka kadi kwenye kompyuta.

Picha tisa za penati. Nane za giza kama kawaida yangu. Ya tano inang'aa kama imepigwa adhuhuri.

Mungu wangu! Picha yangu imenasa ile flashi! Wakiiona hii, nimekwisha. Watasema si hiyo hapo, mwanga umetoka kwenye kamera yako.

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Nakwambia ukweli, kilikuwa tayari.

Halafu nikatazama chini ya picha, kwenye nyasi. Nikatazama na juu, kwenye kona.

Nikafunga kompyuta taratibu. Usiku ule nililala kama mtoto.

Siku ya kikao. Chumba kidogo, feni inalia, makombe yenye vumbi kabatini. Wanakamati watano, Mkongwe kavaa suti, nahodha kaja kama shahidi, anatazama viatu vyake. Nje ya geti mashabiki wanaimba niadhibiwe.

Mwenyekiti wa kamati akaanza, "Mama Giza, una la kusema kabla hatujakufungia?"

"Ninalo. Na ningeomba mnifungie baada ya kunisikiliza, si kabla."

Mmoja akaguna. Nikawasha kompyuta, nikaweka picha ya tano mezani.

Mkongwe akaruka juu. "Si mnaona! Mwanga huo! Kajileta mwenyewe!"

"Tulia, mzee wangu, usije ukajikwaa. Waheshimiwa, hapa chini kwenye nyasi mnaona nini?"

Wakasogea.

"Kivuli," akasema mama mmoja wa kamati.

"Cha nani?"

Akavaa miwani. Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Kichwa chenye kilemba. Fundo liko kushoto, kama hilo lako. Na lenzi imetokeza mbele."

"Ndiyo mimi huyo. Sasa niambieni, mtu akishika tochi, kivuli chake kinamwangukia mbele au nyuma?"

"Nyuma," akajibu yule mama wa miwani. 

"Mwanga ulitoka nyuma yangu, ndiyo ukakiangusha kivuli changu mbele. Kuna aliyesimama nyuma yangu."

Nikatoa gazeti la asubuhi ile ya baada ya fainali. Ukurasa wa mbele, picha kubwa ya nahodha kwenye nukta ya penati. Safi, inang'aa, hadi jasho la paji la uso unalihesabu. Mji mzima uliisifia.

"Goli la giza," nikasema. "Mnalijua goli lenyewe. Picha hii mwanga imeutoa wapi? Na jina hapa chini ni la nani?"

Hakuna aliyehitaji kusoma. Wote waligeuka kumtazama Mkongwe. Suti ya yule mzee ikamkaa kubwa ghafla.

Ndugu zangu, wivu na sifa vitu vibaya. Mtu kavunja sheria aliyoiandika mwenyewe, kanisukumia mimi, halafu kapeleka ushahidi gazetini ili asifiwe!

Mwenyekiti akapiga meza. "Basi! Mtu wetu tumempata." Akafungua droo, akanisukumia beji yangu. "Samahani kwa usumbufu, dada. Chukua uende. Nje tutawatangazia aliyetukosesha kombe ni nani."

Nikaishika beji. Ingekuwa hadithi ya kawaida, ingeishia hapa. Nimeshinda, adui yangu yuko chini, watu wa kumrarua wanamsubiri getini.

Na nilitamani, usifikiri sikutamani. Miaka minne ya "nenda kule."

Lakini ile kona ya juu ya picha ilikuwa inanitazama.

"Sijamaliza," nikasema.

"Umeshinda, dada. Nenda."

"Tazameni kona ya juu, kulia."

Nikaikuza. Kitu cheupe, cha duara, kinaelea juu ya mwamba.

Mpira.

"Flashi inawaka, mpira umeshapita juu ya mwamba," nikasema. "Na huyu hapa nahodha wetu ameinua uso anausindikiza, mdomo wazi. Si kipofu huyu. Flashi ni ya Mkongwe, sheria kavunja, mfungieni kwa hilo. Uongo wake juu yangu, mfungieni na kwa huo pia. Lakini penati hakuikosesha yeye. Wakati flashi inawaka, penati ilishakoswa."

Nahodha hakuinua macho.

Mwenyekiti alikiinamia kioo cha kompyuta. Kisha akaifunga kompyuta yangu kwa mkono wake.

"Hii haitoki humu ndani," akasema polepole. "Huyu kijana ndiye sura ya klabu. Mashabiki wameshaamini ni flashi. Tuwaachie flashi yao, tuwape mzee. Wewe una beji yako. Mbona unataka kuharibu?"

"Mimi nilitukanwa siku tatu kwa kosa ambalo halikuwepo. Sasa mnataka alibebe mwingine?"

"Kwani huyu ni rafiki yako?"

"Thubutu! Simpendi hata chembe. Lakini kutompenda mtu si ushahidi."

"Ukiitoa picha hiyo hutakanyaga tena uwanja huu kama mpiga picha."

Nikaitazama ile beji. Picha yangu pale, nimecheka. Nikairudisha mezani, nikaisukuma mpaka ikamgusa kiganja.

"Kaa nayo."

Nikabeba kompyuta yangu, nikatoka.  Nilikuwa nimeikata riziki yangu kwa kisu changu.

Kwenye korido nikasikia hatua. Nahodha.

"Dada." Sauti ndogo, huwezi kuamini ndiyo ile inayopiga kelele uwanjani. "Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuisambaza mtandaoni? Ungenimaliza."

"Nilitaka kwanza uione humu ndani, kabla ya mji. Ila nikifika ofisini naiweka mezani kwa mhariri. Mpaka hapo, una muda wa kusema mwenyewe."

Akasimama. Akaufuta uso kwa mikono yote miwili.

"Watanirarua."

"Mimi wameshanirarua, na bado natembea."

 Akanipita, akaenda moja kwa moja getini. Mlinzi akamwuliza, "Bosi, uko sawa?" Akasema fungua.

Kelele zilimpokea. Akainua mkono. Nilikuwa hatua chache nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani sikupiga picha.

"Nilikosa mimi," akasema. "Mguu uliteleza chini ya mpira. Hakuna taa iliyonipofusha. Nilidanganya kwa sababu niliwaogopa nyinyi."

Nikaikumbatia kompyuta, nikasubiri chupa.

Halafu baba mmoja wa makamo, jezi imepauka, sauti imekauka kwa kuimba, akasema, "Kumbe ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Sasa penati si hukoswa, mwanangu! Siku tatu tunasimama juani hapa, unatuchelewesha kazini! Nenda kafanye mazoezi."

Mtu akacheka. Mwingine akapiga makofi, kisha wengi. Wapo waliotukana, sikatai, lakini hakuna aliyerarua mtu.

Mhariri aliitoa picha siku iliyofuata, ukurasa mzima, na kazi yangu ikabaki. Mkongwe alifungiwa msimu mmoja. Mimi beji yangu mpaka leo iko kwenye droo ya mwenyekiti, na ikae humohumo. Nakata tiketi kama shabiki, nakaa jukwaa la nyuma ya goli la giza, lenzi juu ya bega la mtu, na picha zinatoka.

Mwezi uliopita, nimekaa pale jukwaani, mtu akaja akaketi kando yangu. Kumtazama, Mkongwe. Kamera mapajani.

Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayo yangu tayari, mazuri tu.

Akakohoa. Akatazama uwanjani. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hivi... kule gizani, huwa unafanyaje?"

Ndipo nikaelewa. Mzee wa watu, miaka thelathini na kamera, hakujua. Goli la mwanga lilikuwa limemficha miaka yote hiyo. Alipofika kule usiku wa fainali hakuwa na njia nyingine ila flashi, na kuniuliza mimi, mgeni wake, aliona aibu.

Nilimwonyesha. Lenzi mpaka mwisho, usimfukuze mchezaji, msubiri. Alikosa picha ishirini za kwanza, nikamcheka wazi wazi, akacheka na yeye.

Msamaha hajaniomba, na mimi sijamdai.

Ila wewe unayesoma nataka uondoke na hili. Kuuliza "unafanyaje" kunachukua dakika moja. Kusema "nilikosa mimi" hata dakika haifiki. Wanaume wawili wazima waliogopa aibu ya dakika moja, wakaona ni nafuu mimi nibebe yangu ya maisha.

Ukisukumiwa mzigo wa namna hiyo, ukatae. Na usimtupie jirani.