Mkono Mweupe wa Jezi ya Wachimbaji

Mikono ya Kinuyo ilikuwa ya buluu hadi viwikoni. Miaka thelathini ya kutia nguo rangi ya nili. Akikupungia tu, mbwa wa mtaa mzima wanaingia uvunguni. Mtungi wake wa rangi, uliozikwa sakafuni hadi shingoni, ulikuwa hai kama wewe: unapumua, unanung'unika, na kila asubuhi hunyweshwa pombe ya mchele. Ukishiba, povu lake hufura kama ua. Ukinyimwa, povu hulala, na mara mbili lilipolala, mtaani palizikwa mtu.

Wachimbaji wa makaa walimletea fulana kumi na moja za mpira, wakitaka buluu tupu. Kumi zilikoza vizuri. Ya kumi na moja, ya mwanawe Tamotsu, golikipa, aliichovya mara tisa. Ikatoka nyeupe pee, kama vazi tunalowavika maiti. Povu lilikuwa limelala.

"Tamotsu, pombe ya mtungi umeifanya nini?"

"Nilionja tu, mama."

"Kuonja gani huko? Hapa pananuka maji ya kisima."

"Basi nilionja sana. Nikajazia maji, usije ukakaa na kiu."

"Kesho usishuke mgodini."

"Nikikosa zamu wananitoa kwenye timu. Huo ni mtungi, mama, si daktari."

Chini ya sakafu kitu kikameza mate. Tamotsu akaacha kucheka.

Kinuyo hakulia. Kinachokuja, aliwaza, kinamtafuta mmoja aliyevaa nyeupe. Akashika mkasi. Akazikata mikono ya kushoto zile fulana kumi, akazishonea mikono ya kitambaa cheupe. Vile vipande vya buluu akavitandaza juu ya fulana ya Tamotsu, akavishona kiraka kwa kiraka, hadi ukabaki mweupe mkono wa kushoto peke yake. Sasa zote zilifanana.

Nahodha Gengo alizikagua kwa uso uliokunjamana. "Bi Kinuyo, tuliomba buluu."

"Hiyo nini, manjano?"

"Na huu mkono?"

"Usiniulize mkono. Kesho shukeni nazo mgodini, nyote, na mtu asiwahesabu kwa sauti."

"Tutachekwa."

"Mchekwe, kisha mrudi."

Wakarudi, wote. Lakini walisimulia kwamba huko chini kitu cha baridi kilipita katikati yao, kikishika mkono wa kushoto wa kila mmoja, kama mama anayechagua samaki sokoni. Kikafika mwisho, kikaanza upya. Halafu kikapanda juu kabla yao.

Ndiyo maana timu ile hadi leo haichezi bila mkono mweupe, na haihesabiwi.

Siku ile, Kinuyo alipomsikia Tamotsu akirudi kwa vifijo njiani, alishukuru, akainama kunawa. Povu la mtungi lilikuwa limefura, na hakuna aliyeunywesha. Akatoa mikono kwenye beseni. Ilikuwa nyeupe hadi viwikoni.

Akamimina vikombe viwili vya pombe, cha mtungi na chake, akakaa akisikiliza hatua za kile kilichomtangulia Tamotsu mlangoni.