Mchezo wa Kijapani Ulivyoniponza Mbele ya Mke Wangu

Jamani, leo nimenyang'anywa runinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilikuwa nacheza ule mchezo mpya wa video wa Kijapani, wa vita na safari ndefu. Picha zake ni balaa. Shujaa ana mikanda mpaka mapajani, bega moja lina manyoya, na nywele zimesimama kama aliyepigwa na umeme.

Mke wangu Mwanasha akaja kudai zamu yake ya tamthilia.

"Nieleze hadithi yake," akasema. "Nikiielewa, cheza mpaka magharibi."

Nikajua nimeshinda.

"Huyu anatafuta jiwe la nuru."

"La nini?"

"La kufungua lango."

"La kwenda wapi?"

"Kwenye jiwe jingine."

"Na huyu binti analilia nini?"

Nimecheza wiki nzima, na wallahi sijui. Ninachojua ni kwamba gauni lake lina vipepeo wanaong'aa. (Anayejua aniambie kwenye maoni, lakini kwa upole.)

Mwanasha akachukua rimoti.

"Kwenye tamthilia yangu, mama anamtafuta mwanawe aliyepotea. Mtoto mwenyewe ndiye anayemuuzia maziwa kila asubuhi, na hawajuani."

Nguo za kawaida, nyumba ya kawaida. Nikasema nitatazama kidogo tu.

Alasiri mama mkwe akafika kutoka Msambweni, akanikuta nafuta machozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Kaa kwanza, mama. Muuza maziwa amelazwa."